Mzigo wa Mwenzio

Shuleni tulifundishwa kwamba Mlima Kilimanjaro uligunduliwa na Johannes Rebmann mwaka 1848. Kila kizazi cha wanafunzi wa nchi hii kimelicheka jibu hilo, halafu kikaliandika vilevile kwenye karatasi ya mtihani, maana usipoliandika hupati alama. Wachaga waliokuwa wakilima vihamba vyao chini ya theluji ile, eti walikuwa hawajauona mlima! Lakini utani huo, ndugu msomaji, sasa umechacha. Kumcheka Rebmann ni kazi rahisi mno. Mimi nataka tuulizane swali gumu zaidi. Kitu kikishaonekana, kikachimbwa, kikabebwa, kikapewa jina na kuwekwa katika nyumba ya watu wa mbali, kinakuwa cha nani? Cha udongo kilikotoka? Cha aliyekipa jina? Au cha aliyekibeba?

Swali hili sikulitunga nikiwa nimekaa kibarazani. Nimelipata Lindi, kwenye kilima kinachoitwa Tendaguru.

Tendaguru kiko kilomita zipatazo 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kusini ya mto Mbemkuru. Jina lake ni la Kimwera, na husemwa kuwa maana yake ni kilima chenye mwinuko mkali. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Bernhard Sattler, mhandisi wa madini, alikuwa akizunguka huko kwa niaba ya kampuni ya kutafuta madini ya Lindi. Akakuta mfupa mkubwa kupita kiasi umejitokeza juu ya ardhi. Habari zikafika Ujerumani. Mwaka 1907 akaja mtaalamu Eberhard Fraas wa Stuttgart kujionea. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha hapo uchimbaji ambao mpaka leo unahesabiwa miongoni mwa mikubwa kabisa ya aina yake duniani, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye chini ya Hans Reck. Mjerumani alipoondoka akaja Mwingereza: makumbusho ya London yalichimba pale tangu 1924 hadi 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, malaria ilimmaliza Lindi mwaka 1925.

Kilichotoka ardhini ni mabaki ya dinosaria wa miaka kama milioni 150 iliyopita. Mkubwa wao ndiye huyu ambaye kwetu watu humwita mjusi wa Tendaguru. Wataalamu walimpa jina Brachiosaurus brancai, na siku hizi wengi wanamwita Giraffatitan. Tangu mwaka 1937 amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu. Ghorofa tatu au nne za Kariakoo zingempita kwa shida.

Nilikwenda Tendaguru wakati wa kiangazi, kwa sababu masika barabara za huko hazipitiki. Kutoka Lindi unafuata njia ya kaskazini kupitia Mchinga, halafu unaiacha bahari na kuingia ndani upande wa Mipingo. Pikipiki ilitufikisha pale ilipoweza, tukashuka, tukashika njia ya miguu. Mbele yangu alikuwa mzee mwenyeji aliyekubali kunionyesha njia, ana panga mkononi na kandambili miguuni. Mimi na viatu vyangu vya mjini nilikuwa nyuma nikihema.

Pori la huko ni la miombo na mianzi, na nyasi zake zinamzidi mtu kimo. Ukitegemea kuona magofu kama yale ya Kilwa Kisiwani utaambulia patupu. Hakuna ukuta wala mnara. Mashimo ndiyo magofu yenyewe. Mzee alikuwa akisimama ghafla na kunyoosha panga: "Hapa." Natazama, naona bonde dogo tu lililojaa majani. "Hapa walichimba." Tunakwenda tena, halafu: "Na hapa." Baada ya muda macho yakazoea, nikaanza kuyaona mwenyewe: ardhi inadidimia mahali isipopaswa kudidimia, na pembeni kuna kichuguu kirefu cha udongo uliotupwa kwa majembe zaidi ya miaka mia moja nyuma. Miti imeshaota juu yake, ikazeeka.

Kilima chenyewe kinalistahili jina lake. Si kirefu, ila kimesimama, na changarawe zinateleza chini ya unyayo. Tulipofika katikati nikaomba tupumzike. Nikamwuliza, "Babu, wazee wa zamani walikuwa wanasema mifupa hii ni ya nini? Ya zimwi?"

Akacheka. "Mjukuu wangu, nyie mkija wote mnaulizia mifupa. Mimi babu yangu alikuwa hasimulii mifupa. Alikuwa anasimulia bega."

"Bega?"

"Bega. Hapa na hapa." Akajigusa bega la kulia, kisha la kushoto. "Anasema ukifika Lindi unautua mzigo, lakini bega halijui kama umeutua."

Basi hakuongeza neno. Tukainuka tukapanda mpaka juu, na kule juu nilichokiona ni pori tu, kijani kilichochanganyika na kijivu, limejitandaza kuelekea bonde la Mbemkuru. Lakini lile neno lake lilishuka nami hadi Lindi, likapanda nami basi mpaka Dar es Salaam.

Maana hesabu zinaonyesha mzee alikuwa na haki ya kusema vile. Katika misimu mikubwa Wajerumani waliajiri watu wanaokaribia 500. Mifupa iliyotolewa ilizidi tani 200. Gari la kwenda Tendaguru halikuwepo, reli haikuwepo, na ng'ombe na punda katika nchi ya mbung'o hawadumu. Kwa hiyo tani zote hizo zilikwenda Lindi vichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa kila safari, halafu mtu anageuza kufuata mzigo mwingine. Mifupa ilifungwa kwa udongo na nyasi, mingine ikavishwa mianzi iliyokatwa palepale porini. Kuna mafungu ya mianzi yaliyokaa ghalani Berlin zaidi ya miaka mia moja bila kufunguliwa. Fikiria, msomaji: mtu amebeba jiwe siku nne chini ya jua la Lindi, na kule lilikopelekwa hakuna aliyepata nafasi ya kulifungua.

Tukirudi kwenye swali letu, vijiweni kwetu kuna majibu mawili, na nimeyasikia yote yakitetewa kwa nguvu.

Jibu la kwanza ni la udongo. Mifupa imetoka Tanzania, basi ni ya Tanzania, irudi. Jibu hili linapendeza, na hata bungeni limesemwa zaidi ya mara moja. Lakini ukilibana kidogo linalegea. Miaka milioni 150 iliyopita Tanzania ilikuwa wapi? Hata Afrika yenyewe ilikuwa bado haijamaliza kuachana na nchi zilizokuja kuwa Bara Hindi, Madagaska na Amerika ya Kusini. Mjusi yule hakuwa Mmwera, hakuwa Mmakonde, wala hakuwa Mtanzania. Mipaka inayotufanya tuseme "wetu" ilichorwa na watu walewale tunaowadai. Tukisema udongo peke yake unatosha, tunasimama juu ya mstari aliouchora Mjerumani na kumpigia kelele Mjerumani.

Jibu la pili ni la elimu. Rafiki yangu mmoja hulisema bila kupepesa macho: "Bila wale Wazungu ile mifupa ingekuwa mawe ya kujengea choo. Wao ndio walioyasoma mawe, basi ni yao." Nalo lina ukweli ndani yake. Mfupa usiosomwa ni jiwe. Janensch aliyafanyia kazi mawe yale kwa miongo kadhaa, na dunia nzima imejifunza kutokana naye. Lakini jibu hili linajidai kwamba wasomaji walikuwa Wazungu peke yao. Msimamizi mkuu wa uchimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Yeye na wenzake ndio waliojua kuufuata mfupa ndani ya udongo bila kuuvunja, kuusafisha, kuufunga na kuupanga ufike salama. Hiyo nayo ni elimu, tena ile ambayo bila yake Janensch angepokea kifusi. Mjusi wa Berlin mwenyewe ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja. Kama mnyama amejengwa na wanyama wengi, sembuse elimu juu yake?

Kwa hiyo mimi nashika jibu la tatu, ambalo mzee wa Tendaguru alilisema kwa neno moja. Deni liko begani. Dai letu lina nguvu kwa sababu ya watu waliobeba, na kwa sababu ya hali waliyokuwa nayo walipobeba.

Hapo mtu ataniambia: mbona walilipwa? Ni kweli, walilipwa. Lakini tazama mwaka. Uchimbaji umeanza 1909. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, vikaenea kusini yote, na Wamwera walikuwemo. Vilipozimwa mwaka 1907, jeshi la Wajerumani lilikuwa limechoma mashamba na maghala kwa makusudi ili njaa imalize kile ambacho risasi haikumaliza. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000, na yapo yanayofika 300,000. Ongeza kodi ya kibanda iliyokuwepo tangu 1898. Ongeza amri ya mwaka 1895 iliyosema ardhi "isiyo na mwenyewe" ni mali ya dola, na anayeamua kama ina mwenyewe au haina ni dola hiyohiyo. Katika nchi ya namna hiyo, mtu aliyezika ndugu zake miaka miwili nyuma anaitwa kibarua na kupewa rupia. Je, amekubali? Mdomo wake umesema ndiyo. Lakini mtu akikuchomea ghala, kisha akakuajiri umbebee mkaa, siwezi kuyaita hayo mapatano, hata kama malipo umeyapata mkononi na kidole gumba umeweka.

Waswahili wamekwisha kusema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali unauona mwepesi. Na mahali ambapo wepesi huo unaonekana wazi ni kwenye majina.

Mjusi mkubwa alipewa jina la Wilhelm von Branca, mkuu wa makumbusho aliyehangaikia fedha za msafara. Hilo tuliache, mtu alifanya kazi. Lakini kuna mwingine kutoka Tendaguru, mdogo, mla majani, aliyepewa jina mwaka 1919: Dysalotosaurus lettowvorbecki. Lettow-Vorbeck alikuwa jemadari wa jeshi la Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, vita vilivyowaua wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu kwa maelfu. Oktoba 1917 alipigana na Waingereza pale Mahiwa, Lindi hiihii. Yaani mnyama aliyechimbwa na mikono ya watu wa Lindi, akabebwa na mabega ya watu wa Lindi, anaitwa kwa jina la mtu aliyewageuzia nchi yao kuwa uwanja wa vita. Na ndilo jina lake mpaka leo, kwa sababu kanuni za wataalamu haziruhusu jina la kwanza kubadilishwa kwa kuwa tu linauma.

Boheti bin Amrani alisubiri. Mwaka 2007 ndipo mtaalamu mmoja wa Kijerumani alipompa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Mwaka 2019 wakatokea wengine wakampa mmoja jina la Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mtu wa msafara ule aliyeyapata mabaki ya mnyama huyo. Karibu miaka mia moja, kwa kupata neno moja la Kilatini! Wapo watakaosema ni kitu kidogo. Mimi nasema ni kidogo, lakini ni mwanzo wa kulipa, kwa sababu jina ni kukiri kwamba huyu naye alikuwepo na alijua alichokuwa akikifanya.

Sasa, mifupa irudi au isirudi? Mwaka 2018, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani alipokuja Dar es Salaam, upande wetu ulisema haudai mifupa irudi, unataka kusaidiwa uchimbaji na utafiti hapahapa nchini. Wengi walikasirika. Mimi nadhani hasira hiyo ilitazama jumba moja tu, la Berlin. Kurudisha kunawezekana: fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 na kupelekwa nje kuchunguzwa, lilirudi na kuwekwa Dar es Salaam. Na kuna mifupa isiyohitaji mjadala, ile ya watu. Novemba 2023 rais wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji, na jamaa za mashujaa walionyongwa bado wanayatafuta mafuvu ya wazee wao. Binadamu ana watu wake, akazikwe nao. Mjusi hana jamaa wa kumlilia. Anayelia ni aliyembeba. Basi kipimo changu ni hiki: mpango wowote, wa kurudisha au wa kutorudisha, unampa nini mjukuu wa aliyebeba? Mjusi akishushwa bandarini Dar es Salaam, akawekwa kwenye jumba lenye viyoyozi na kiingilio, huku mtoto wa Mipingo hana mwalimu wa sayansi wa kumweleza kilichokuwa chini ya shamba la babu yake, tutakuwa tumeuhamisha mzigo kutoka ghala moja kwenda lingine.

Na hapa ndipo swali linapotugeukia sisi wa mjini. Tuuache mfupa kidogo, tuitazame taa. Katika kisiwa cha Songosongo, wilaya ya Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 1974 (tazama, neno lilelile), na tangu 2004 inakuja Dar es Salaam kwa bomba na kuzalisha umeme. Miaka mingi nimesoma na kuandika usiku kwa mwanga wenye gesi ya Kilwa ndani yake. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipoinuka kwa hasira juu ya bomba la kuipeleka gesi yao Dar es Salaam, vijiweni kwetu niliwasikia watu wakiwaita wachoyo na washamba. "Gesi ni ya taifa!" Sawa, ni ya taifa. Lakini Berlin nayo husema mjusi ni wa dunia nzima. Anayekaa kule kitu kinakofikia huona upesi sana kwamba kitu ni cha wote. Anayekaa kinakotoka huuliza kwanza: na mimi?

Sisemi bomba la gesi ni sawa na msafara wa 1909. Hakuna aliyechomewa ghala, na tuna bunge na mahakama pa kusemea. Nasema tabia ya kutouhisi mzigo wa mwenzio si ya Wazungu peke yao. Inamwingia yeyote anayepokea mwisho wa njia. Hatuwezi kuidai Berlin kile ambacho sisi wenyewe hatutaki kukitimiza kwa Kilwa na Lindi.

Namalizia na nyinyi mnaoandika, maana gazeti hili ni letu. Hennig alitoa kitabu chake juu ya Tendaguru mwaka 1912. Ina Reck, mke wa Hans Reck, aliyekuwa naye kule, alitoa chake mwaka 1924. Vyote ni vya Kijerumani. Mimi bado sijakutana na riwaya ya Kiswahili ambayo mhusika wake mkuu ni mpagazi wa Tendaguru. Sijui nani kati yetu ataiandika. Lakini atakayeiandika asianze na mjusi. Afunge safari kwanza, ateremke Mchinga, awaulize wazee kuhusu njia ya Lindi: ilipita wapi, watu walilala wapi, walikula nini, nani hakurudi. Kila mwaka wanaoweza kujibu wanapungua. Mifupa ya Berlin imekaa miaka milioni 150 na inaweza kutusubiri. Wazee hawawezi.